Viganja Viwili Ukutani

Madarasa niliyosoma ni manne, na la nne nililimalizia chini ya kaniki. Nasema hivyo mapema ili msomaji asitafute kwangu maneno ya wasomi. Nyumba ninayokaa hapa Chapwa ni ya matofali ya kuchoma. Niliijenga kwa ulezi na maharage niliyobeba kichwani kwenda ng'ambo ya mpaka na kurudi, na mume wangu alikuja kujua kwamba tunajenga alipoona msingi. Sokoni hakuna aliyewahi kunipunja kwenye debe wala kwenye kibaba. Watu husema nilizaliwa na hesabu kichwani. Waongo. Nilifundishwa, halafu nikanyang'anywa katikati ya somo, na ninayetaka kumsema hapa ni yule aliyejaribu kunirudishia.

Nilizaliwa upande wa Mbozi, wakati wa Mwingereza. Baba alikuwa mzee wa kanisa, ana miche yake ya kahawa nyuma ya nyumba na watoto wengi mbele ya nyumba. Mimi nilichelewa kuanza shule kwa sababu nilikuwa nambeba mgongoni mdogo wangu wa kiume aliyenifuata. Alipoacha mgongo, baba akatupeleka shule ya misheni wote wawili siku moja, mimi mkubwa kuliko inavyofaa, yeye mdogo kuliko inavyofaa. Tukasoma darasa moja, tukapewa slati moja, tukagombana juu yake mpaka ikavunjika pembe. Yeye alikuwa mwepesi wa kusoma maandishi. Kwenye hesabu alikuwa ananisubiri mimi.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Ileje, mfupi, koti lake halina kifungo hata kimoja. Siku ya kutufundisha kuzidisha sehemu hakutuweka ndani. Alitupeleka kwenye shamba la shule, akanyoosha kamba kutoka upande huu mpaka ule.

"Hili ni shamba zima," akasema. "Wasichana wamelima nusu. Katika nusu yao, theluthi tumepanda maharage. Nusu uzidishe kwa theluthi. Maharage yamekula kiasi gani cha shamba zima?"

Mvulana mmoja mrefu akanyoosha mkono. "Mwalimu, umesema tuzidishe. Mbona shamba linakwisha?"

Tukacheka wote, na mwalimu naye akacheka. Mimi nilikuwa natazama kamba. Nikasema ni sehemu moja ya sita.

"Umejuaje?"

"Ile nusu ya wavulana nayo ukiikata mara tatu, vipande vyote ni sita. Maharage yako kwenye kimoja."

Mwalimu akanitazama, akaokota kijiti, akaandika udongoni: moja juu ya mbili, moja juu ya tatu. Akatuonyesha njia ya mkato. Ya juu zidisha kwa ya juu, ya chini kwa ya chini. "Na hapa," akasema, "tangulia na yoyote unayotaka. Theluthi ya nusu, nusu ya theluthi, maharage ni yale yale." Maneno hayo niliyapenda. Leo nikiyakumbuka nasikia uchungu.

Jioni ile alikuja nyumbani. Alimwambia baba kuna shule ya bweni ya wasichana, mbali, nafasi ni chache na shule zinazozigombea ni nyingi. Anayepita mtihani wa darasa la nne vizuri huchukuliwa, na akitoka huko anakuwa mwalimu au mkunga. Akasema, "Huyu binti ataondoka hapa, mzee, kama hesabu zake zitakaa hivi." Baba akavuta ugoro, akasema, "Akipita, aende." Neno la baba lilikuwa neno. Tangu siku hiyo nilikuwa nachota maji nikitembea kama mtu ambaye tayari amekwenda.

Ikabaki kugawa. Mtihani ukiwa karibu kabisa, mwalimu akaandika ubaoni, saa ya kutoka: robo tatu gawa kwa nusu. Akaiacha hapo.

"Kesho nitawaonyesha namna ya kurudi," akasema. "Kuzidisha ni kwenda. Kugawa ni kurudi kwa njia ile ile uliyojia. Kila tunachofanya kwenye hesabu kina njia ya kukirudisha. Mnafunga mzigo wa kuni, sivyo? Fundo la mwisho ndilo la kwanza kulifungua. Kuna kitu kimoja tu cha kugeuza, na kesho mtakiona."

Kesho hiyo mimi sikuiona. Asubuhi ile nilipata damu kwa mara ya kwanza, mama akaniona, akamwita bibi mzaa baba. Bibi akanifunika kaniki na kuniingiza katika nyumba yake, kama walivyoingizwa yeye na mama yake na wote waliotutangulia. Kwetu msichana akishapevuka hukaa ndani mpaka wanawake waone amefundishwa vya kutosha. Asionwe na mwanamume, asiseme na mwanamume, hata ndugu yake wa tumbo moja. Kanisa lilikataza ngoma zake, lakini kukaa ndani hakukukatazwa na mtu. Bibi alisema mwali akijibu sauti ya ndugu yake wa kiume, atazaa watoto wasiosema. Nilimwamini. Ungekuwa wewe ungemwamini.

Nilimsikia baba mlangoni, nje.

"Mama, mtoto ana mtihani."

"Mtihani ndiye nani? Ameleta ng'ombe?"

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa. Mambo haya..."

"Kanisa ni la Jumapili. Mtoto huyu ni wa kila siku."

Baba akaondoka. Aliweza kumjibu mzungu, mama yake hakumweza. Alirudi mara nyingine na nyingine, na mwisho wakapatana: siku yenyewe ya mtihani nitatolewa, nimefunikwa, nikiongozwa na shangazi, nisiseme na mwanamume yeyote njiani wala huko, kisha nirudishwe ndani. Mwalimu alipoulizwa akasema karatasi haihitaji mdomo. Basi mtihani nikawa nao. Kugawa ndiko nilikokuwa sina.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya miti na udongo, haina dirisha. Mchana bibi alikuwa akishuka mtoni au shambani, ananifungia. Siku moja nikasikia ukuta wa nyuma unagongwa, taratibu, kwa ngumi ndogo. Nikaujua ugongaji huo wa mdogo wangu. Ni ule ule aliokuwa anagonga kwenye ghala alipokuwa akijificha nami nikimtafuta. Hakusema neno, wala mimi sikusema. Alikuwa anaogopa wale watoto wangu wasiosema kuliko nilivyoogopa mimi.

Halafu mikono yake ikaanza kufanya kazi. Mkono mmoja ukagonga juu mara moja, ukashuka ukagonga chini mara mbili. Mkono mwingine, pembeni yake, ukagonga juu mara moja, chini mara tatu. Nikaelewa pale pale: namba ya juu na namba ya chini, sehemu mbili zimesimama bega kwa bega. Shamba la maharage! Nikagonga jibu: juu mara moja, chini mara sita. Akakwaruza ukuta kwa kucha, kwa furaha, nikajua anacheka na amejiziba mdomo.

Tukawa na shule yetu. Alikuja akanipa za kuzidisha, ngumu kuliko za mwalimu, nikajibu, na hakuna hata moja niliyokosa. Ukuta haukuonyesha kosa lake. Na ungelionyeshaje? Kwenye kuzidisha, utangulie na ipi, maharage ni yale yale.

Siku aliyoniletea kugawa nilimjua kwa pumzi zake, alikuja mbio. Hakugonga namba, kwa kuwa hesabu ya ubaoni wote tuliijua: robo tatu gawa kwa nusu. Alibandika viganja vyote viwili ukutani kwa mpigo mmoja, puu. Sehemu mbili. Kisha kiganja kimoja kikatulia, na kingine kikasugua ukuta juu chini, chini juu, tena na tena. Hiyo igeuze: ya juu ipeleke chini, ya chini ipandishe. Kisha viganja vyote vikagonga kama kwenye kuzidisha. Igeuze hiyo moja, halafu zidisha kama kawaida. Hicho ndicho kitu kimoja alichokisema mwalimu!

Nilikuwa nimekaa nimeuelekea ukuta, majivu ya jikoni nimeyatandaza mbele yangu kama slati. Kiganja kilichosugua nilikisikia upande wangu wa kushoto. Kushoto ndiko tunakoanzia kuandika. Nikaandika kwenye majivu: geuza ya kwanza. Nikanyoosha mkono nimgongee jibu, nimwonyeshe nimeelewa.

Ndipo bibi akatokea nje. Alikuwa amesahau mtungi wake.

"Wewe! Unausugua nini ukuta wangu? Una upele?"

"Nafukuza mchwa, bibi."

"Mchwa? Subiri, nitakuonyesha wanavyofukuzwa."

Nikasikia mwiko ukilia kwenye mgongo wake, nikasikia akikimbia. Kule ndani nilicheka mpaka nikauma kaniki. Baada ya hapo bibi hakuiacha tena nyumba peke yake. Jibu langu likabaki mkononi.

Asubuhi ya mtihani shangazi alinitoa, nimefunikwa toka kichwani hadi magotini, nikiona ardhi na visigino vyake tu. Njiani watu walipisha. Darasani walinikalisha nyuma kabisa, shangazi kajibanza kando yangu sakafuni kama askari. Mdogo wangu alikuwa mstari wa mbele. Niliona miguu yake chini ya benchi, miwili inatingishika. Hakuruhusiwa kugeuka nyuma, wala mimi kumwita. Kati yetu palikuwa na migongo ya wavulana tu, na neno moja lingetosha.

Chini ya kaniki mna joto na giza kidogo, lakini niliandika. Za kuzidisha nilizimaliza kama mtu anayemenya viazi. Zikaja za kugawa, nyingi kuliko nilivyotegemea. Nikageuza ya kwanza, nikazidisha. Nikageuza ya kwanza, nikazidisha. Hakuna iliyonisumbua. Sijapata tena katika maisha yangu kufanya kazi kwa raha namna ile, na nimefanya kazi nyingi. Niliporudishwa ndani nilikuwa naimba kimoyomoyo, na bibi akaniuliza, "Umeona nini huko?" Nikamwambia nimeona njia.

Wanawake walinitoa rasmi, nikaoshwa, nikapakwa mafuta, nikala na watu. Hapo sasa niliruhusiwa kusema na mdogo wangu. Nawaza mara nyingi tulichosema siku hizo. Tulisema juu ya mwiko wa bibi. Tulisema juu ya shule ya bweni, kama kuna vitanda, kama wanalala wawili wawili. Juu ya kugawa hatukusema kitu, kwa kuwa tulidhani kumekwisha.

Mwalimu alikuja na baiskeli yake mchana, mama akamkaribisha togwa. Aliishika kata muda mrefu bila kunywa.

"Mzee," akamwambia baba, "kijana amepita."

Baba akaitikia kwa kichwa. "Na huyu mkubwa?"

"Binti hakupita."

Nilikuwa nimepiga magoti karibu na mama. Sikusogea.

"Kuzidisha amepata zote," mwalimu akaendelea. "Kugawa amekosa zote, na amekosa kwa namna ambayo sijapata kuiona. Majibu yake ni ya kweli, ila yamesimama kichwa chini. Robo tatu gawa kwa nusu, jibu ni tatu juu ya mbili. Yeye kaandika mbili juu ya tatu. Nyingine zote hivyo hivyo. Inageuzwa ya pili, mzee, ile inayogawa. Yeye amegeuza ya kwanza kila mahali. Nani alimfundisha hivi?"

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye ukuta wa nyumba ya baba, akifurahia kupita kwake. Nikamwona anageuka polepole, anaubandikia ukuta viganja vyake viwili, na kukitazama cha kulia. Akakaa hivyo. Halafu akaingia ndani ya nyumba, akiwa ameushika ukuta kwa macho, kama mtu anayetafuta alama zilizopenya. Alipotoka, akanijia nilipopiga magoti.

"Dada, mimi nilisugua kwa mkono wa kulia."

"Kwangu ulikuwa kushoto," nikasema.

Mwalimu alimtazama yeye, akanitazama mimi, akautazama ukuta. Alikuwa mtu wa akili, hakuhitaji kuelezwa. Akaiweka kata chini na togwa yake yote.

Baba akauliza, "Mwakani?"

"Mtihani huu ni mara moja, mzee. Na mwakani..." Hakumaliza. Pembeni ya mlango palikuwa na jembe jipya lililofungwa kitambaa, limeletwa na washenga wa upande wa Chapwa siku mbili tatu baada ya mimi kutoka ndani. Wote tuliliona.

Baada ya siku chache bibi alichota udongo akaukandika upya ule ukuta wa nyuma, ingawa haukuwa na ufa. Aliukandika peke yake, akamkataa kila aliyetaka kumsaidia.

Nikaolewa. Simsemi mume wangu vibaya, alikuwa mtu mpole na alikufa vizuri. Nilijifungua, nikalima, nikaanza kubeba ulezi kuvuka. Huko ng'ambo kuna ndugu zetu, tunasemezana lugha moja, mpaka ni wa wazungu. Nilijifunza mwenyewe kugeuza ya pili, nikipima nusu debe kwa vibaba, na tangu hapo sijakosea. Sitaki kuonewa huruma. Lakini nilipoona gari la misheni linapita na wasichana waliovaa sare, nilikuwa nashusha mzigo wangu na kujifanya naufunga upya.

Mdogo wangu alikwenda shule ya kati, hakukaa. Mwalimu wa huko alimwandikia baba kwamba kijana ana akili na hataki kushika chaki. Siku aliyopita hapa Chapwa kwenda kwenye migodi ya shaba, alilala kwangu. Asubuhi nilimsindikiza mpaka njia panda.

"Ningesema tu," akaniambia. "Neno moja. Ya pili. Bibi angenipiga mwiko, na mwiko alinipiga hata hivyo."

"Ulikuwa mtoto," nikamwambia.

"Na wewe ulikuwa nani?"

Akaenda zake. Alikuwa akirudi mara chache, kofia nzuri, zawadi za watoto, maneno ya Kibemba mdomoni. Watoto wangu walipomletea hesabu zao za shule aliwaambia, "Mpelekeeni mama yenu. Mimi sijui upande." Walidhani ni utani.

Mara ya mwisho alirudishwa. Kifua kilikuwa kimekwisha, vumbi la chini ya ardhi au ugonjwa, au vyote. Mke alikuwa hana, baba na mama walikuwa wameshazikwa. Nikamchukua mimi. Dresa wa zahanati akaniambia, "Mama, ana kifua kibaya. Mweke chumba chake, mpe vyombo vyake, watoto wasiingie, na wewe usikae naye." Nikampa chumba cha mwisho katika nyumba hii, chenye mlango wake wa nje. Chumba changu kilipakana na chake. Katikati yetu ulikuwa ukuta wa matofali nilioujenga mwenyewe.

Chakula niliweka mlangoni. Tulisemezana kwa kupaza sauti, na sauti yake ikawa inapungua, mpaka ikawa ninayemsemesha ni mimi tu. Nilimwambia habari za mahindi, za mvua, za mvulana yule mrefu wa darasani ambaye siku hizi ni karani Mbeya. Nikisikia kikohozi nilijua amenisikia.

Siku moja mchana, nikichambua maharage chumbani kwangu, ukuta ukalia. Puu. Viganja viwili kwa pamoja. Nikaacha ungo. Kisha kiganja kimoja kikaanza kusugua tofali, juu chini, chini juu, kinachoka, kinaanza tena. Kilikuwa kulia kwangu.

Sijui hata leo. Huenda alikuwa ananirudishia ile hesabu, sasa akiwa amehesabu na upande wangu wa ukuta. Huenda alitaka maji na mkono mmoja ulikuwa umekwisha nguvu. Dresa alikuwa amenikataza, na nimekuwa mtu wa kufuata nilichokatazwa kuliko watu wanavyonidhania. Lakini nilishakaa mara moja upande wa pili wa ukuta nikitafsiri mkono wa mtoto yule, na mnajua nilitafsiri nini.

Nikasimama, maharage yakamwagika, nikatoka nje, nikaizunguka nyumba, nikaingia kwake. Alikuwa ameanguka nusu kitandani nusu sakafuni, uso kwenye ukuta. Nikamgeuza. Nikamweka kichwa kwenye paja langu, mzito kidogo tu kuliko nilipokuwa nambeba.

"Dada," akasema, "ni ya pili."

"Najua," nikamwambia. "Nyamaza. Nimeshajua zamani."

Nikamnywesha maji. Aliyanywa kidogo, mengine yakapita shingoni.